Bahari Nayo Hupimwa Afya

Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya maji ya kunywa, choo na usafi wa jikoni. Mwezi huu tunawaomba twende pamoja hadi ufukweni, kwa maana bahari nayo ina afya yake, na afya hiyo huingia nyumbani mwetu ndani ya kikapu.

Tuanze na kisa kimoja cha hapa hospitalini. Miaka kadhaa iliyopita tulipokea usiku mmoja watu watatu wa nyumba moja, baba na watoto wake wawili, wote wanatapika na kulalamikia tumbo. Kila mmoja tulimwandikia kadi yake, kila mmoja tukampima malaria, na kila mmoja tukamwuliza maswali tuliyoyazoea: homa ilianza lini, umeharisha mara ngapi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza walikula nini. Asubuhi alifika bibi yao kuwaletea uji, akasema kama mtu anayepiga soga tu, "Mimi sikula kombe jana, meno yangu hayawezi." Tulipomwuliza kama kuna waliobaki, akajibu kwamba sufuria imekwisha kuoshwa na magamba yametupwa.

Wagonjwa wetu walipona baada ya siku mbili, tukamshukuru Mungu. Lakini mpaka leo hatujui ni kitu gani kilichowaumiza. Wala hatukujua kama jirani zao walikuwa salama kuokota mahali pale pale siku iliyofuata.

Kosa hilo lilikuwa letu, nasi tunalieleza ili lisirudiwe. Ipo nchi moja ya mbali ambako swali la "ulikula nini?" liliulizwa mapema, na jibu lake likabadili namna ya kuchunga bahari. Nchi hiyo ni Kanada, na chakula chenyewe kilikuwa kome.

KOME HULAJE?

Kome tunaowasema hapa ni wale wenye magamba mawili meusi yanayofungana kama kasha. Ni wa jamaa ya chaza na kombe. Kome hatembei kutafuta chakula. Hujishikiza mahali pamoja, akafungua magamba yake kidogo, akavuta maji ya bahari ndani, akachuja vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kisha akayatoa maji nje. Kome mkubwa mmoja huweza kuchuja makumi ya lita kwa siku moja tu.

Hapo ndipo ulipo uzuri wake na hatari yake. Mkulima wa kome hanunui chakula wala dawa za kuwapa, bahari yenyewe huwalisha. Lakini mnyama achujaye maji kutwa kucha hukusanya ndani yake kila kilichomo majini. Maji yakiwa na uchafu wa choo, kome anao. Maji yakiwa na kijimea chenye sumu, kome anayo sumu hiyo, naye mwenyewe haonekani mgonjwa.

KISA CHA KANADA

Upande wa mashariki wa Kanada kuna kisiwa kiitwacho Prince Edward Island. Watu wa huko hulima kome kwa kuwatia wale wadogo katika mifuko mirefu ya nyavu, mithili ya soksi, na kuining'iniza majini kwenye kamba ndefu zinazoelea kwa maboya. Kome hukua humo mpaka wavunwe, na hata wakati wa baridi, bahari inapoganda juu, wavunaji hutoboa barafu na kuwatoa.

Mwishoni mwa Novemba 1987, hospitali za mashariki mwa nchi ile zilianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Walianza kwa kutapika, kuumwa tumbo na kuharisha katika saa 24 baada ya kula. Hilo si geni kwa mwuguzi yeyote. Lakini katika saa 48 baadhi yao walishikwa na kichwa kikali, wakachanganyikiwa, wakapoteza kumbukumbu. Wengine walipata degedege, nao ni watu wazima. Wengine walizimia kabisa.

Madaktari waliwauliza wagonjwa walikula nini, wakapeana habari hospitali kwa hospitali. Jibu lilikuwa moja: kome. Na kome wote walitoka kisiwa kile kimoja, hasa eneo la ghuba ya Cardigan. Serikali ikasimamisha mauzo yao, na hapo Krismasi ilikuwa imekaribia, wakati ambapo wakulima walitumaini kuuza zaidi.

Kati ya taarifa zilizochunguzwa, wagonjwa 107 walithibitishwa. Wagonjwa 19 walilazwa, na 12 kati yao walihitaji chumba cha uangalizi maalumu. Watatu walifariki dunia katika majuma ya kwanza, nao walikuwa wazee. Walioumia zaidi walikuwa wenye umri mkubwa na wale ambao figo zao zilikuwa dhaifu, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa sumu hiyo mwilini. Kati ya waliopona, wapo waliokumbuka mambo ya zamani, lakini jambo jipya halikushika tena kichwani mwao. Sumu ilikuwa imeharibu ile sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu.

PANYA WALIOJIKUNA

Tangu miaka ya 1940 Kanada ilikuwa na kipimo cha kutafuta sumu nyingine ya kome, ile inayopooza misuli. Wakati huo maabara iliponda nyama ya kome, ikatoa maji yake na kuwachoma sindano panya weupe. Panya alipokufa kwa kupooza pumzi, kome walihesabiwa kuwa hawafai kuliwa.

Safari hii panya walikufa, lakini walifanya jambo jipya kabla ya kufa: walijikuna bega kwa mguu wa nyuma, tena na tena, kisha wakashikwa na degedege. Wataalamu wakatambua kwamba hii si sumu waliyoizoea. Katikati ya Desemba walikusanyika katika maabara moja ya utafiti mjini Halifax, wakafanya kazi usiku na mchana, na katika siku zisizozidi tano wakaipata. Ilikuwa asidi ya domoiki.

Hapo wenyewe walishangaa, maana jina hilo lilikwisha kujulikana Japani kwa miaka mingi. Watu wa huko walikuwa na mwani mwekundu ambao wenyeji wa kisiwa kimoja huuita domoi, nao waliutumia kuwatoa watoto minyoo. Mwaka 1958 wataalamu wa Kijapani walitoa katika mwani huo kitu kinachoua minyoo, wakakiita kwa jina lake. Kumbe kitu hicho hicho, kikiwa kingi, huua chembe za ubongo wa binadamu. Sisi tunaotoa dawa kila siku tunalifahamu hilo: dawa na sumu mara nyingi ni ndugu, kinachowatenganisha ni kipimo.

Kome wale hawakula mwani wa Japani. Katika ghuba kulikuwa na vijimea vya jamii ya Pseudo-nitzschia, vyembamba kama sindano ukivitazama kwa hadubini, navyo viliongezeka mno katika majuma yale. Vijimea hivyo ndivyo vilivyotengeneza sumu, kome wakavichuja, na sumu ikalimbikizwa.

BAHARI HUPIMWAJE?

Tangu wakati huo Kanada iliweka kiwango: kilo moja ya nyama ya kome isizidi miligramu 20 za asidi ya domoiki. Nchi nyingine nyingi zimekifuata kiwango hicho. Kome walioleta maafa mwaka 1987 walikuwa na mamia ya miligramu kwa kilo.

Kazi ya kupima hufanyika katika sehemu nne, nasi tungependa msomaji azifahamu, kwa sababu zinafanana sana na kliniki ya mama na mtoto. Mtoto hatupimi siku anapougua tu. Tunampima kila mwezi, na kadi yake ndiyo inayotuonya mapema.

Sehemu ya kwanza ni nyama ya kome yenyewe. Huchukuliwa mahali palepale palipowekwa alama, mara kwa mara, na kupelekwa maabara. Sumu ikizidi kiwango, ghuba hufungwa na hakuna kuvuna. Habari njema ni kwamba vijimea vikiondoka, kome hujisafisha wenyewe kwa maji safi, na baada ya vipimo kurudi vizuri ghuba hufunguliwa. Mkulima hupoteza majuma machache, lakini hapotezi shamba.

Sehemu ya pili ni maji na vijimea vyake. Mtaalamu huchota maji na kuhesabu vijimea kwa hadubini. Aina yenye sumu ikianza kuongezeka, vipimo vya nyama huongezwa.

Sehemu ya tatu ni uchafu wa binadamu na mifugo. Hapo hutafutwa vijidudu vinavyotoka katika kinyesi. Ili ghuba ihesabiwe kuwa safi kwa kuvuna, hesabu ya kati ya vipimo vingi isizidi vijidudu 14 katika mililita 100 za maji. Baada ya mvua kubwa au bomba la maji machafu kupasuka, uvunaji husimamishwa.

Sehemu ya nne ni shamba lenyewe. Kome wengi mno mahali pamoja hunyang'anyana chakula, na kinyesi chao hurundikana chini. Tope likiwa jeusi na kunuka kama yai viza, ni dalili kwamba hewa imekwisha pale chini. Hali kadhalika shamba la nchi kavu huweza kuliumiza shamba la baharini. Katika kisiwa kile mbolea ya mashamba ya viazi huchukuliwa na maji hadi kwenye midomo ya mito, mwani ukastawi kupita kiasi, kisha ukaoza, na viumbe wakakosa hewa. Anayelima mlimani na anayelima majini ni jirani hata kama hawajapata kuonana.

Je, gharama hizo zilileta faida? Tangu 1987 haujatokea tena Kanada mlipuko wa wagonjwa wa sumu hiyo kama ule wa kwanza, na kilimo cha kome katika kisiwa kile hakikufa, bali kilikua. Wanunuzi hurudi wanapojua kwamba kuna mtu anayepima.

Ujuzi huo ulisaidia na wengine. Mwaka 1991 ndege aina ya mwari walianguka na kufa katika ghuba ya Monterey, jimbo la California, Marekani. Kwa kuwa sumu ya Kanada ilikwisha kujulikana, iligunduliwa kwamba ndege wale walikula samaki wadogo mfano wa dagaa waliokuwa wamekula vijimea vile. Ndege waliwatangulia watu kutoa habari.

VIJIDUDU NA SUMU SI KITU KIMOJA

Hapa tunaomba akina mama watusikilize vizuri, maana kosa hili ni la wengi. Husemwa, "Ukichemsha sana hakuna ubaya." Neno hilo ni kweli kwa vijidudu, si kweli kwa sumu.

Kuanzia Januari hadi Machi 1988, majuma machache tu baada ya msiba wa Kanada, mji wa Shanghai nchini China ulipata wagonjwa zaidi ya 290,000 wa homa ya manjano ya ini. Walikuwa wamekula kombe waliotoka katika maji yenye uchafu wa choo. Kombe hao waliliwa wabichi, au walimwagiwa tu maji ya moto mpaka wakafunguka. Kama wangechemshwa barabara, virusi vingekufa. Gamba kufunguka si dalili ya kuiva.

Lakini sumu ya vijimea haifi, kwa kuwa haikuwa hai. Haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kutia ndimu, kutia chumvi, wala kugandisha kwenye jokofu. Haina harufu, wala haibadili ladha. Wale wa Kanada walikula kome waliopikwa, wazuri, watamu. Ndiyo maana hakuna mpishi, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuchukua nafasi ya kipimo.

NA SISI JE?

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya bahari za baridi. Hapana. Katika Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi wataalamu wamekwisha kuona vijimea vya jamii hiyo na vya jamii nyingine zenye sumu. Kuwapo kwa kijimea si lazima kulete maafa, maana mara nyingi huwa vichache. Lakini asiyehesabu hawezi kujua ni lini vimekuwa vingi.

Nasi tunayo majonzi yetu ya karibu. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mama mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wengine walilazwa. Nyama hiyo ilipikwa na kuliwa kwa furaha, kama watu walivyozoea. Kasa si kome, na sumu yake si ile ya Kanada. Wataalamu hudhani kwamba kasa huipata katika vijimea na mwani anaokula. Lakini njia ni ile ile: kitu kidogo majini, mnyama anayekikusanya asiumwe, na sufuria ya nyumbani isiyoweza kukiondoa.

Leo wapo akina mama wa pwani yetu, Zanzibar na kwingineko, wanaofuga chaza na kombe majini ili wapate riziki pasipo kumaliza wale wa porini. Tunawapongeza. Lakini tunawaomba, pamoja na maafisa uvuvi na viongozi wa vijiji, waulize tangu siku ya kwanza: maji haya yanapimwa na nani, mara ngapi, na majibu tunayapata wapi? Swali hilo ni la mwanzo kama swali la kamba na maboya. Likiachwa mpaka siku ya msiba, litaulizwa kwa machozi.

TUFANYE NINI?

Wakati tunasubiri maabara, yapo mambo ambayo kila jamaa inaweza kuyafanya.

1. Tusiokote kombe, chaza au kome karibu na bomba la maji machafu, mdomo wa mto wenye uchafu, bandari, au mahali ambapo watu hujisaidia ufukweni. Baada ya mvua kubwa tungoje siku kadhaa.

2. Bahari ikibadilika rangi isivyo kawaida, ikiwa nyekundu, ya kahawia au kijani kizito, au tukiona samaki na ndege wamekufa wengi, tusivune, na tumwarifu afisa uvuvi au afisa afya. Tukumbuke pia kwamba bahari inaweza kuonekana safi kabisa na bado ikawa na sumu.

3. Tuwapike barabara, maji yachemke kwa dakika kadhaa baada ya magamba kufunguka. Aliyekuwa amekufa kabla ya kupikwa atupwe.

4. Kasa asiliwe kamwe. Sheria inamlinda, na nyama yake imekwisha kuua watoto wetu.

5. Mtu akitapika baada ya kula chakula cha bahari, hasa akiwa na ganzi ya midomo, ulimi au vidole, kichwa kikali, kuchanganyikiwa, degedege au pumzi nzito, apelekwe hospitali mara moja. Asipewe pombe wala dawa za kienyeji. Akiwa amezimia asilishwe wala kunyweshwa kitu, alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe. Sumu hizi hazina dawa ya kuziondoa, lakini hospitali inaweza kumsaidia kupumua na kutuliza degedege mpaka mwili uitoe yenyewe.

6. Wote waliokula chungu kimoja wapelekwe kuangaliwa, hata wasioumwa bado. Wazee, watoto na wenye ugonjwa wa figo watangulie. Mama anayenyonyesha aseme kwamba ananyonyesha.

7. Sufuria isioshwe. Chakula kilichobaki na magamba yafungwe katika mfuko, mbali na watoto na wanyama, viletwe hospitalini. Tuseme pia waliokotwa wapi na siku gani.

Kwa upande wetu sisi wauguzi, tangu usiku ule wa baba na watoto wake wawili tumeongeza swali moja kwa kila anayekuja akitapika: "Ulikula nini, na nani mwingine alikula?" Wakitoka wawili nyumba moja, tunamwita afisa afya kabla ya mapambazuko. Huko Kanada kazi kubwa ya maabara ilianza na swali hilo hilo, lililoulizwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Basi, msomaji mpendwa, ukifika hospitalini nasi tukasahau kukuuliza, usingoje. Tuambie wewe mwenyewe ulichokula, na utuletee sufuria ikiwa chafu. Hatutakucheka.